Mafunzo ya Kutetemeka

Ukumbi uliokodiwa kwa mafunzo yetu ulikuwa nyuma ya duka la samani, kwenye barabara inayotoka Ukunda kwenda ufuoni, na harufu ya vanishi ilituingia puani kabla ya elimu yoyote kutuingia kichwani. Tulikuwa wakandaji wa mahoteli ya Diani na Galu, pamoja na wenzetu wanaokanda wageni ufuoni chini ya vibanda vya makuti. Tuliitwa tujifunze kuachilia fasha. Fasha ni ule utando mweupe unaofunika misuli. Kila aliyewahi kuchuna mguu wa mbuzi siku ya Idi ameuona, ameuvuta kwa kucha, akamtupia paka.

Mwalimu hakutuletea mguu wa mbuzi. Alituletea chungwa. Alilimenya taratibu, akaliinua juu ili tuone zile nyuzi nyeupe, akatuambia kwa sauti ya mtu anayetoa habari ya msiba:

"Hii ni ninyi."

Nusu ya waliokuwa mle ndani wana michungwa nyumbani. Walilitazama lile chungwa kama seremala anavyotazama kiti cha plastiki. Mwalimu aliudhani ukimya ule kuwa ni mshangao, akafurahi.

Alikuwa mwanamke wa bara, wa makamo, mrefu, aliyesomea kazi hii ng'ambo na kurudi na nguo nyeupe tupu na shali ya pamba nyepesi, nayo nyeupe. Alitukataza kumwita mwalimu. "Niiteni dada," alisema. "Hapa hakuna mkubwa." Mama mmoja wa kutoka Msambweni, aliyezoea kuamkiwa na wanaomzidi cheo, alijibu, "Vyema, mwalimu," na baada ya hapo hakuna aliyejaribu tena kumwita dada.

Mimi sikwenda kwa sababu ya chungwa. Kidole changu gumba cha mkono wa kulia kilikuwa kinakufa. Miaka yote niliyokanda, nilikanda kwa vidole gumba. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo wageni walivyotaka, maana mgeni asipohisi kidole kimemzama mgongoni huona ameibiwa. Mwishowe shina la kile kidole lilivimba, na asubuhi sikuweza kukikunja. Chupa ya mafuta nilikuwa naifungua kwa meno. Msimamizi wetu hotelini, mwanamke anayependa kuwahurumia watu mbele ya wengine, alinishika bega siku moja tukiwa jikoni kwa wafanyakazi, akasema, "Mkono ukiisha, mama, kuna chumba cha taulo." Chumba cha taulo kiko nyuma, karibu na majenereta. Wakandaji wawili waliokwenda huko kabla yangu hawakurudi tena kwenye kitanda cha kukandia. Bado wanakunja taulo, na wakiona mgeni hupitia mlango mwingine.

Nilikuwa nimesikia kwamba kazi hii ya fasha haitaki vidole gumba. Hutumia vifundo vya vidole, na kigasha, yaani mkono chini ya kiwiko, na uzito wa mwili wenyewe, tena bila mafuta, ili ngozi ishike isiteleze. Kama ni kweli, ningebaki kwenye kitanda changu. Kama si kweli, ningekwenda kwenye taulo. Hilo ndilo lililonipeleka pale ukumbini.

Kwa hiyo siku ya kwanza, mwalimu alipouliza kama kuna swali, niliinua mkono huohuo.

"Mwalimu, nitakandaje bila kutumia kidole gumba? Hiki changu kimeharibika."

Alinijia. Alikishika kidole kwa mikono yake miwili, akafumba macho.

"Kidole gumba ni cha baba," alisema. "Kuna kitu kati yako na baba?"

Baba yangu yuko Msambweni. Ana shamba la muhogo na redio, na hana neno na mtu. Nilimwambia hivyo.

"Ndiyo," alisema, akanifinya mkono. "Mwili unakataa kwanza. Usijali."

Akaenda zake. Nilibaki na kidole changu na baba yangu, na swali langu halijaguswa.

Mchana tuligawanywa wawili wawili ili tufanyie mazoezi. Hapo ndipo wanawake walipokataa kulala mezani mbele ya wanaume, na wanaume, kwa kusema kweli, walikataa kwa sauti kubwa zaidi. Tulifunga kamba kutoka nguzo hadi nguzo, tukatundika leso, ukumbi ukawa pande mbili. Mwalimu aliliangalia lile pazia kwa huzuni. Alisema anahisi nishati imekatika. Mama wa Msambweni alimwambia nishati ipite juu, kuna nafasi.

Mwenzangu alikuwa mwanamke kutoka Majoreni, mkandaji wa ufuoni, mwembamba, mwenye macho yasiyotulia na ulimi usiopumzika. Alikuja kwa ajili ya cheti. Hakuficha. "Mie fasha siijui wala haijanijua," aliniambia alipokuwa akipanda mezani. "Nataka ile karatasi niitundike kibandani, Wazungu waione. Wewe niguseguse tu, shoga, usinichoshe."

Alikuwa amejipaka mafuta ya nazi kutoka shingoni hadi kisiginoni. Si yeye peke yake. Tulipita kwenye meza zote upande wetu, kila mgongo ulikuwa unang'aa. Tulikuwa tumeambiwa jana yake kwa simu kwamba kazi hii hufanywa kwenye ngozi kavu, na kila mmoja aliliona hilo kuwa jambo linalomhusu mkandaji, halimhusu mkandwaji. Mwanamke wa pwani anayekwenda kulala mbele za watu na ngozi iliyopauka hajazaliwa. Mwalimu aliweka mkono kwenye mgongo wa kwanza ukateleza, wa pili ukateleza, akatangaza kwamba sisi ni watu wenye ulinzi mwingi wa kihisia. Tukapeana taulo tukafutana, na saa nzima ikaishia hapo.

Kutetemeka kulianza upande wa wanaume. Alikuwepo kinyozi mmoja wa Ukunda, aliyeongeza masaji kwenye duka lake la kunyolea kwa kuweka kitanda nyuma ya pazia. Alikuwa mtu wa kukaa mbele, wa kuitikia kabla ya kuulizwa. Mwalimu alituambia kwamba utando ukiachia, wakati mwingine mwili hutikisika wenyewe, na tukiona hivyo tusiogope. Hakuwa amefunga mdomo vizuri kabla ya mguu wa kinyozi kuanza kuruka. Sisi tulisikia tu meza ikigonga sakafu.

"Yes!" mwalimu alipiga kelele. "Usiizuie! Mnaona, guys? Mnaona?"

Upande wetu hatukuona, lakini tulielewa. Tulielewa kwamba anayetetemeka amefaulu.

Kuanzia hapo ilikuwa aibu tupu. Watu wazima, wenye wajukuu, walilala mezani na kungoja kuguswa ili waanze. Mmoja alitikisa bega. Mwingine alitikisa kidevu tu, kwa sababu alikuwa amefunga mtandio vizuri na hakutaka uharibike. Kinyozi alitetemeka mara mbili kwa siku, na alipomaliza alikaa kitako na kujifuta jasho kama mtu aliyebeba gunia la saruji. "Sista, hii kitu ni noma," aliniambia wakati wa chai. "Imenitoa vitu za kutoka utotoni." Nilimuuliza ni vitu gani. Alifikiri kidogo, akasema hakumbuki, vimeshatoka.

Nilikuwa nikiandika kichwani kila jambo nililofundishwa kuhusu mikono, na kichwa kilikuwa kitupu. Nilijua kwamba nyonga hutunza siri na taya hutunza hasira. Sikujua niweke kiwiko wapi. Nilijaribu kwa kubahatisha kwenye mgongo wa mwenzangu, kwa vifundo vya vidole, na kila mara nilipotaka kuongeza nguvu kidole gumba kilikuja chenyewe kusaidia, kwa mazoea, na maumivu yakapanda hadi kiwikoni. Nilimwendea mwalimu tena wakati anajipiga picha na kinyozi. Aliniuliza kama nimempigia baba simu.

Kisha likatokea la mwenzangu wa Majoreni.

Mwalimu alikuja upande wetu kufundisha kifua. Alimchagua mwenzangu. Aliweka kiganja kimoja chini ya koo na kingine juu ya tumbo, akamwambia avute pumzi, na mwenzangu, ambaye siku zote hizo alikuwa ametikisa kidole cha mguu tu kwa ajili ya heshima, alianza kutikisika kuanzia mabegani. Safari hii haikuwa kama ya kinyozi. Kichwa kilikwenda kulia na kushoto, na akaunguruma kwa sauti nzito isiyokuwa yake.

Wanawake wa upande wetu hawakuhitaji kuambiana. Wamekulia kwenye nyumba ambamo pepo hupungwa, na mikono yao inajua kabla ya akili. Mmoja alimfunika leso kuanzia kichwani. Mwingine alitoa marashi ya waridi kwenye mkoba wake na kumnyunyizia, na mama wa Msambweni aliinama karibu na sikio lake akamsemesha yule aliyepanda, kwa adabu, kama anavyosemeshwa mgeni aliyebisha hodi.

"Karibu. Wewe nani? Watakani kwa kiti chako?"

Kiti ni mtu aliyepandwa. Mwalimu hakujua. Alisimama ameweka mikono kifuani, machozi yanamlengalenga.

"Mwili unaongea," alinong'ona. "Msimkatize. Muulizeni tena."

"Watakani, bwana?" mama akauliza tena. "Sema upewe, umwache mwenzetu apumzike."

Sauti nzito ikatoka chini ya leso. "Nataka nguo nyeupe."

"Ipi?"

"Ile."

Mkono ulichomoza kwenye leso na kunyoosha kidole. Hakuna aliyehitaji kugeuka. Mwalimu alijitazama, akaivua shali yake ya pamba, akaikunja kwa unyenyekevu mkubwa, akamwekea mwenzangu kifuani. "Chukua," alisema, analia sasa waziwazi. "Chochote mwili unachohitaji." Mwenzangu akaishika kwa mikono miwili, akashusha pumzi ndefu, akatulia. Muda mfupi baadaye aliketi, akaomba maji, akauliza kumetokea nini.

Mwalimu alikatiza somo tukae kimya tuyatafakari tuliyoyaona. Nyuma ya pazia nilimsikia kinyozi akinung'unika kwamba yeye ametetemeka zaidi na hakupewa kitu.

Jioni tulitembea pamoja, mimi na mwenzangu, hadi njia panda. Alikuwa amejitanda ile shali.

"Niambie kweli," nilimwambia. "Alikuwa pepo?"

Alikivuta kitambaa kati ya vidole, akakitazama kwenye mwanga wa duka la simu.

"Pepo au si pepo, dadangu," alisema, "kitambaa ni kizuri."

Nilicheka, halafu nikakasirika. Yeye alikuwa amepata shali, na cheti angekipata. Kinyozi alikuwa amepata picha. Mwalimu alikuwa amepata cha kuwasimulia wa kwao. Ilikuwa imebaki siku moja, na mimi nilikuwa narudi nyumbani na kidole kilekile.

Kilichoniokoa ni upuuzi wa mwalimu mwenyewe. Jioni ileile alikwenda ufuoni kujirekodi kwenye simu, akieleza ulimwengu jinsi mwanamke wa pwani alivyozungumza kupitia mwili. Upepo ulikuwa mkali, na ilimbidi apige kelele. Alirudia, akarudia. Asubuhi alikuja ukumbini bila sauti. Alifungua kinywa ikatoka hewa tu, kama tairi la baiskeli. Aliandika kwenye ubao kwamba leo atafundisha kwa mikono.

Darasa lilivunjika moyo. Bila maelezo, hakuna aliyejua atetemeke wakati gani. Wengine walitoka kwenda kunywa chai ya tangawizi kwa jirani, wengine walianza kuulizana habari za mahoteli yao. Pazia lilisogezwa pembeni, kwa kuwa leo aliyelala mezani alikuwa mmoja tu, kinyozi, na wanawake hawakuwa na la kufanya ila kutazama. Kinyozi alikuwa na bega lililokwama kweli, kwa miaka ya kuinua mkono juu ya vichwa vya watu, jambo ambalo katika kutetemeka kwake kote hakuwahi kulitaja.

Nilivuta kiti nikakaa karibu na kiwiko cha mwalimu.

Nakiri kwamba niliudhika na nilichokiona. Yule mwanamke alijua kazi. Siku zote hizo alikuwa akiizika chini ya maneno, na sasa maneno yalipokwisha, kazi ikatokea, safi kabisa. Hakubonyeza. Aliweka kigasha, ule upande wa nyama chini kidogo ya kiwiko, kwenye ukingo wa fupa la bega, akasogeza mguu mmoja nyuma, na uzito wake ukashuka wenyewe kutoka nyonga. Mkono ulikuwa kijiti tu cha kupitishia uzito. Alivuta ngozi kidogo kuelekea upande, hadi ilipogoma, akasimama hapo. Hakuendelea, hakurudi. Alingoja. Watu nyuma yangu walikuwa wamefika kwenye habari za posa ya mtu fulani wa Galu, naye bado anangoja. Kisha nikaona kigasha chake kikisogea, polepole sana, kama siagi inavyosogea kwenye sufuria iliyoanza kupata moto, na hakuwa amekisukuma. Bega la kinyozi lilishuka likagusa meza. Kinyozi mwenyewe hakutikisika hata ukope. Alikuwa amelala usingizi, anakoroma.

Nilitazama kidole gumba cha mwalimu. Kilikuwa kimelala ndani ya ngumi, wala hakina kazi.

Nilisimama, nikamwonyesha mkono wangu bila kusema kitu, kwa kuwa na yeye hakuwa na cha kusema. Aliuchukua. Alinikunja vidole, akakiingiza kile kibovu ndani, akanipiga kofi dogo kwenye kiwiko nilipokikaza, kisha akanisukuma nyonga kwa goti lake hadi nikaelewa kwamba nilikuwa nasimama kama mtu anayetwanga. Alinirudisha kwenye bega lile mara nyingi, hata kinyozi akaamka, akaniona mimi badala ya mwalimu, akaanza kujitayarisha kutetemeka. "Tulia," nilimwambia. "Leo hakuna wa kukushangilia." Akalala tena.

Niliyojifunza yote niliyajifunza asubuhi ile. Mchana tulipewa vyeti. Mwalimu alitukumbatia mmoja mmoja, na mimi alinishika kidole, akaweka mkono kifuani na kunitazama kwa macho ya kunipongeza. Kwa mtazamo wake, nilikuwa nimepatana na baba.

Hotelini msimamizi alitaka kunijaribu mwenyewe. Alilala mezani, na kabla sijamgusa akaniuliza mafuta yako wapi. Nilimwambia hayatumiki. Nilimfuta losheni mgongoni kwa taulo kavu, nikaweka kigasha, nikasogeza mguu nyuma.

"Umeanza?" aliuliza baada ya muda.

"Nimeanza."

"Mbona hausongi?"

"Nasonga."

"Yule kinyozi wenu ameniambia watu wanashakeshake. Mbona mimi sishake?"

Nilikuwa nasikiliza ngozi yake ikigoma chini ya mkono wangu, na nilikuwa nakisikiliza kidole changu, kimekunjwa, hakidai kitu. Aliuliza mengine mawili matatu kuhusu ratiba ya wageni wa Jumamosi, maneno yakapungua, yakachelewa, yakakatika katikati ya jina la siku. Kitu kikasogea chini ya kigasha. Nilipomaliza ilibidi nimguse mguu ili aamke. Aliketi, akageuza shingo huku na huku, akaangalia saa na kukunja uso.

"Sawa," alisema. "Kaa kwa kitanda yako. Lakini tutafute vile wageni watashake kidogo."

Wiki ile ubao mpya uliwekwa mapokezini, wenye picha ya wimbi, ukitangaza tiba ya mtetemo wa bahari, kwa mikono ya mtaalamu mwenye cheti. Hakuniuliza. Sikupinga, maana chini ya ubao ule kulikuwa na ratiba, na kwenye ratiba kulikuwa na saa zangu, zote, asubuhi na jioni. Mgeni wa kwanza aliyeichagua tiba hiyo alikuwa mama mnene aliyebabuka kwa jua, na kabla hajavua viatu aliniuliza atatetemeka lini. Nilimwambia alale kifudifudi.